Mwalimu Aliyeita Majina kwenye Redio

"Mwalimu, hivi ukishaita majina kwenye redio, shuleni tena unakwenda kumwita nani?"

Swali hilo Katarina alilitoa bombani, asubuhi ya Ijumaa, kitenge amekifunga kiunoni na mikono yote miwili iko kwenye mpini wa bomba. Hakuwa na nia mbaya. Katarina, ambaye wengi wanamwita Mama Plasidi, ni jirani wa Mwalimu Recheli, nyumba na nyumba, na wanaombana chumvi tangu mwalimu alipohamia kijijini. Mtu akikuomba chumvi miaka yote hiyo, maneno yake huyatilii shaka.

Recheli alicheka, maana alidhani anataniwa.

"Mama Plasidi nawe! Redio ile ni ya kuwasaidia tu. Shule iko palepale."

"Ipo, sikatai. Lakini si wanakuitikia kila siku? Wa kwa Nijimbere wanaitika mpaka mimi huku nasikia. Nipo mwalimu! Nipo mwalimu! Nikasema moyoni, dada wa watu amepata neema, anafundisha kijiji kizima naye yuko kwake anachambua mchicha."

"Wanaitika wapi?"

"Kwenye mabanda, mwalimu. Wanafunga tumbaku. Wapi tena?"

Ndoo ya Recheli ilikuwa imejaa, maji yakafurika na kumlowesha viatu vya kazini. Katarina aliacha kupampu, akamtazama. Mwalimu alikuwa amesimama vilevile, kicheko bado kimebaki mdomoni lakini macho hayacheki tena. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiingia darasa la pili na kukuta madawati ya nyuma matupu, kisha ya katikati, na kila mara alijiambia kwamba ni mvua. Mto umejaa. Watoto wana homa. Alikuwa na sababu nyingi za kujipa, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyofanana na aliyoisikia bombani.

Ili mtu aelewe kwa nini moyo ulimshtuka kiasi kile, inafaa amjue kidogo Recheli ni nani.

Alizaliwa huko Sikonge, kwenye vijiji vya msituni, binti wa Mzee Benjamini, mrina asali na mzee wa kanisa la Moraviani. Nyumbani kwao kitabu kilikuwa kimoja, Biblia, na baba yake alikifungua baada ya chakula cha jioni, akisoma kwa kidole, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Recheli alikaa chini ya mkono wake akifuata kile kidole. Siku moja, akiwa hajaanza hata shule, alisema neno kabla baba hajalifikia. Mzee Benjamini alinyamaza, akarudisha kidole nyuma, akamwambia aseme tena. Alisema tena. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mchumba amekuja.

Tangu siku hiyo alijua anataka kazi gani. Alisoma, akafaulu kwa taabu, akaenda chuo cha ualimu, na serikali ikampeleka upande wa Ulyankulu, kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku ambao wazazi wao walitoka Burundi. Ni Wakatoliki karibu wote. Yeye peke yake Mmoraviani, tena Mnyamwezi wa Sikonge, akaja akapanga chumba kando ya barabara ile ambayo wazee wanasema zamani ilipitwa na misafara ya wapagazi kwenda Ujiji, na sasa inapitwa na malori yanayobeba tumbaku na kuacha vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walimpokea vizuri. Walimpa mihogo na maharage, wakamcheka kwa kutojua Kirundi, wakampa watoto wao wadogo ambao nao hawakujua Kiswahili.

Na hao watoto aliwapenda. Darasa la kwanza na la pili walimu wengi wanayakimbia, kwa sababu ya kelele na kamasi, yeye aliyaomba. Alikuwa na namna yake: anasimama karibu na mtoto mpaka anasikia pumzi yake, anamwekea kidole chini ya herufi, anasubiri. Anaweza kusubiri mpaka wenzake waanze kuguna. Mtoto akilipata neno, yeye anasema, "Vizuri sana," kwa sauti ya chini, kama siri ya watu wawili.

Tatizo lilikuwa tumbaku. Msimu wa kuchuma ukianza, shule inapungukiwa watoto. Majani yakishaiva hayangoji mtu. Yanachumwa, yanafungwa kwenye fito siku ileile, yanaingizwa kwenye bani kukaushwa kwa moto. Mikono inahitajika, na mikono midogo inafunga haraka. Kila mwaka Recheli alikuwa na watoto waliofika kwenye silabi wakapotea, wakarudi majani yameisha na silabi nazo zimeisha.

Ndipo walimu walipoitwa kwenye mafunzo ya siku chache pale Urambo, juu ya kufundisha watoto wa zama hizi. Mwezeshaji alikuwa binti mdogo, amesuka rasta, anaongea haraka. Walimu wazima walikuwa wanapiga miayo. Yule binti akasema, "Mtoto wa leo msimsubiri darasani na mbinu za jana. Mfuateni alipo, kwa chombo anachokipenda." Recheli aliacha kupiga miayo. Neno lile lilimwingia kama linavyoingia neno la mahubiri siku unayolihitaji.

Alirudi akiwaza njia nzima. Watoto wake wako wapi? Kwenye mabanda. Wanapenda chombo gani? Simu kubwa kijijini zilikuwa za kuhesabika, lakini kila banda la tumbaku lilikuwa na redio ndogo ya kichina yenye tochi na tundu la kuingizia kadi, imening'inizwa kwenye nguzo, inapiga nyimbo kutwa. Basi akachukua kishikwambi chake cha kazini, akafunga madirisha ya darasa, akarekodi masomo.

Alifanya kazi ile kwa moyo wote. Alitaka mtoto aliye bandani ajione yumo darasani, kwa hiyo alianza na kengele. Halafu akaita majina, darasa zima, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina akaacha nafasi ya mtoto kuitika, kisha akasema, "Vizuri sana." Halafu silabi, halafu maneno, halafu kihadithi cha sungura aliyeiba karanga. Kadi akampelekea Valentino, mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa sola, ambaye ndiye anayewawekea watu nyimbo. Valentino aliwawekea wote masomo yale bila kudai kitu. Na kwenye mkutano wa wazazi Recheli alisimama akasema maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza: "Mwaka huu mtoto akiwa bandani hatakosa somo. Mimi nitamfuata hukohuko."

Walimpigia makofi marefu. Mwalimu mkuu alimwita mbele za watu mwalimu wa kidijitali. Usiku ule aliomba Mungu, akashukuru.

Sasa alikuwa amesimama bombani na viatu vimelowa.

Hakwenda shuleni kwanza. Aliacha ndoo kwa Katarina, akamwomba mtoto mkubwa wa pale apeleke ujumbe kwa mwalimu mkuu kwamba atachelewa, akashika njia ya kwa Nijimbere. Ni mwendo mfupi tu, kupitia shamba la mahindi na kichuguu kikubwa. Kabla hajakipita kichuguu, alisikia kengele ya shule.

Alisimama. Shule ilikuwa nyuma yake, na kengele ilikuwa mbele.

Kisha akasikia sauti ya mwanamke, ya uchangamfu, safi, inayosema, "Habari za asubuhi, watoto wazuri!" na watoto wakaitika kwa pamoja, "Nzuri mwalimu!" Alichukua muda kidogo kukubali kwamba mwanamke huyo ni yeye. Hakuna anayeijua sauti yake mwenyewe ikitoka nje. Aliiona ni ya mtu mwingine, mtu asiye na wasiwasi wowote.

Alisogea mpaka nyuma ya ukuta wa nyasi wa banda. Ndani hawakumwona. Kupitia matundu aliwaona watoto wamekaa chini kwenye majani mabichi, wengine wa Nijimbere, wengine wa majirani walioazimana mikono. Fito mapajani, vidole vinafunga jani kwa jani, vyeusi kwa ulimbo wa tumbaku. Mama Benigna, mke wa Nijimbere, alikuwa katikati yao. Benigna mwenyewe, binti wa darasa la pili, yule mwenye mwanya, alikuwa pembeni kabisa, ameinamia nje ya banda.

"Prosperi!" ikaita redio.

"Nipo mwalimu!"

"Vizuri sana. Anastazia!"

"Nipo mwalimu!"

"Vizuri sana. Benigna!"

Benigna hakuitika. Alikuwa anatapika. Alitapika maji matupu, mabega yanaruka, kichwa kinaning'inia. Ile nafasi aliyoiacha Recheli kwa ajili yake ikawa inapita bure, na mama yake, bila kuinua macho kwenye fito, akaijibu redio kwa adabu kama mtu anayemjibu mwalimu aliye mbele yake:

"Yupo, mwalimu. Anatapika kidogo."

"Vizuri sana," ikasema redio.

Recheli aliweka mkono mdomoni. Akashika nguzo ya banda, na nguzo ikatikisika, na redio ikayumba ikiita jina la mtoto mwingine. Amefundisha miaka mingi. Ameona mtoto akianguka kifafa darasani, ameona paa la darasa likichukuliwa na upepo. Hakuwahi kuona jambo kama lile.

Aliingia. Watoto walimwona, wakatazama redio, wakamtazama yeye, wakatazama tena redio. Kasichana kamoja kakaanza kulia.

"Shikamoo mwalimu!" wengine wakasema kwa kigugumizi.

"Marahaba," alijibu, akawapita, akamwinua Benigna. Mtoto alikuwa wa baridi, jasho jembamba limemtoka usoni. "Mama Benigna, ana nini huyu?"

"Ah, karibu mwalimu! Jamani, hata kiti hakuna. Huyo ni kawaida yake, asubuhi majani yakiwa na umande hutapika. Likipanda jua anatulia. Nadhani ni malaria ya tumboni."

"Hutapika kila siku?"

"Siku nyingine kichwa tu."

Recheli aliomba maji na sabuni. Akaosha ile mikono midogo, akasugua, maji yakatoka rangi ya chai, akasugua tena. Yeye mwenyewe amekulia kwenye nyuki, si kwenye tumbaku, lakini aliwahi kumsikia mganga wa zahanati akisema kwamba umande wa majani yale unapenya ngozi ya mtoto na kumlewesha. Aliposikia alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na mambo yake. Sasa ulikuwa kwenye vidole vyake.

Nijimbere alifika kutoka kwenye bani, uso umejaa moshi, akamwona mwalimu, akafurahi kwelikweli. Ni mtu mkubwa, mpole, anayeimba besi kwenye kwaya ya kigango.

"Mwalimu umetutembelea! Yaani umetoka kwenye redio ukaja mwenyewe!" Akacheka kwa nguvu. "Nani hapa atasema simpeleki mtoto shule?"

"Baba Benigna, mtoto hajafika shuleni muda mrefu."

"Hajafika kivipi?" Nijimbere alishangaa, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Kila asubuhi unamwita jina, anaitika, unamwambia vizuri. Mimi mwenyewe nahakikisha redio imewashwa kabla hawajashika jani. Betri nanunua. Utoro uko wapi hapo, mwalimu?"

Recheli alimfuta Benigna maji mikononi.

"Tena subiri," Nijimbere akasema, akazima redio. Hakutaka mgeni aondoke bila kuona matunda. "Benigna, njoo. Umepata nafuu? Haya, msomee mwalimu."

Mtoto alisimama, bado amepauka, akaweka mikono nyuma. Akaanza. "Ba, be, bi, bo, bu. Baba. Babu. Bata. Baba ana bata." Hakukosea hata kimoja. Alifika kwenye silabi za ma, akakohoa vikohozi viwili vikavu, akaendelea. Alifika kwenye sungura na karanga, akakata katikati, akageuza shingo, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Prosperi, toa kidole puani!" kisha akaendelea na sungura.

Watoto walikufa kwa kicheko, na Prosperi, aliyekuwa palepale, akaficha mkono. Nijimbere alipiga makofi. Recheli ndiye pekee aliyebaki ameduwaa. Vile vikohozi vilikuwa vyake. Siku ya kurekodi alikuwa na mafua, na Prosperi, aliyebaki darasani kumgongea kengele, alikuwa na kidole puani.

Aliokota kijiti, akachuchumaa, akaandika chini kwenye vumbi, herufi kubwa, neno moja: BABA.

"Benigna, mwanangu. Hapa pameandikwa nini?"

Mtoto aliangalia chini. Akaangalia redio iliyokuwa imezimwa. Akaanza, "Ba, be, bi, bo, bu..."

"Hapana, mama. Hili tu. Hili hapa."

"Ba, be, bi..." Sauti ikafifia.

"Labda kijiti chako kimeandika vibaya, mwalimu," Nijimbere alisema, akiinama, akitafuta kumsaidia binti yake. "Hapa pana vumbi jingi."

Recheli alifuta. Akaandika jina la mtoto, BENIGNA, jina ambalo mwanzo wa mwaka, kabla ya tumbaku, alikuwa ameanza kulitambua kwa herufi zake za mwanzo, na siku ile alipolitambua alizunguka darasa zima akiwaonyesha wenzake.

"Na hili?"

Benigna alilitazama muda mrefu. Alitaka kumridhisha mwalimu. Ungeona jinsi anavyotaka.

"Sijui, mwalimu. Redio haijafika hapo."

Kicheko kilikatika. Mama Benigna aliweka fito chini taratibu. Alikuja akasimama juu ya lile jina, yeye ambaye hajui kusoma, akalikodolea macho kama angeweza kulisoma kwa uchungu tu.

"Hata jina lake?" aliuliza. "Mwalimu, hata jina lake?"

"Alikuwa analijua," Recheli alisema.

Nijimbere hakuvumilia. Ni baba, na baba akiona aibu inamjia mtoto wake huitafutia pa kuitua. "Lakini mwalimu, si ulisema mwenyewe? Mbele ya wazazi wote. Ulisema mtoto akiwa bandani hatakosa somo, utamfuata hukohuko. Mimi si mwongo, na wewe si mwongo. Ulisema." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, "Huyu mdogo wake mimi nilishaamua mwakani nisimwandikishe kabisa. Nilisema ataanza hapahapa nyumbani, shule imetufikia."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Recheli alimwomba tu ruhusa ya kumpeleka Benigna zahanati, na Nijimbere, aliyekuwa tayari kubishana, akaona tena lile jasho usoni mwa binti yake, akatoa baiskeli.

Mganga wa zahanati aliwaangalia mara moja tu. Hakupima hata malaria kwanza; alinusa mikono. Akampa mtoto maji ya chumvi na sukari, akamwambia Recheli kwamba wiki ile huyo si wa kwanza, wanaletwa wanakuja wamelewa kama watu waliotoka kilabuni, wazee wao wanaapa ni malaria. "Nanyi walimu mnawaachia?" aliuliza.

Alipokuwa akimrudisha mtoto kwao jioni, akiisukuma baiskeli na Benigna amekaa nyuma amemshika blauzi, ndipo aliposikia jambo lililomtisha kuliko yote ya siku ile. Walikuwa wanapita barabara ile kubwa, mabanda kushoto na kulia. Kutoka banda la kwanza sauti yake ilikuwa inaita majina. Kutoka la pili, ng'ambo, sauti yake ilikuwa kwenye silabi. Mbele kidogo sungura alikuwa anaiba karanga, na baada ya sungura ukafuata muziki wa kucheza, maana Valentino aliweka wimbo kati ya somo na somo ili watoto wasichoke. Kila banda lilianza kwa wakati wake, kwa hiyo jina lilelile liliitwa hapa, likaitwa tena pale, na tena kule mbali nyuma ya miti, na kila mahali, baada ya jina, awe ameitika mtu au hakuitika, sauti ile ya uchangamfu ilisema vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana.

"Mwalimu," Benigna alisema nyuma ya mgongo wake, "wewe wa kwenye redio hunaga ukali."

Recheli aliendelea kusukuma baiskeli. Alilia bila kutoa sauti, mtoto asijue.

Jumamosi alikwenda kwa Valentino akamwuliza kama anaweza kuyafuta. Valentino alisema anaweza, kwa anayeleta kadi. Lakini nani ataleta? "Halafu madam," alisema, "usiyafute bwana. Mimi mwenyewe ile hadithi ya sungura naipenda. Na mama yangu amejifunza a, e, i, o, u humo humo. Kosa si la sauti." Recheli aliondoka akiwa hajui kama amefarijika au ameongezewa mzigo. Mwalimu mkuu naye, alipoelezwa, alishika kichwa kwanza, kisha akasema wazazi wasikilizwe pole pole, mkutano uitishwe mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi majani yangekuwa yameisha, na mtihani wa kusoma wa darasa la pili umepita, na watoto wake wangeufanya kwa kukohoa.

Basi Jumapili, badala ya kupanda pikipiki kwenda kwenye ibada ya Wamoraviani kijiji cha mbali kama kawaida yake, alivaa gauni lake jeupe akaenda kigangoni. Alijua wazazi wote wako humo. Padri hakuwepo; ibada iliongozwa na Katekista Damas, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Recheli alimfuata kabla ya ibada akamwomba nafasi wakati wa matangazo.

"Wewe si wa kwetu," Damas alisema, akamtazama juu ya miwani. "Lakini watoto ni wa kwetu. Utasema. Ufupishe, watu wana njaa."

Alipoitwa mbele, watu walinong'ona. Fikiri, ambaye ni mtani wa kijiji kizima na hata kanisani hakai kimya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mmoraviani leo amekuja kuungama." Wakacheka. Mwingine akadakia, "Atuite majina, tuitike!" Wakacheka zaidi. Recheli alitabasamu, akangoja. Kwa kungoja hakuwa na mshindani.

Aliwaeleza yote, kuanzia bombani. Hakutaja jina la nyumba. Lakini alipofika kwenye mtoto aliyeshindwa kusoma jina lake, Nijimbere alisimama mwenyewe kutoka kwenye kwaya.

"Ni kwangu," alisema. "Msitafutane. Ni binti yangu. Ila nami niseme. Mwalimu ana mshahara, anakula hata jani lisipofungwa. Sisi jani likilala halijafungwa limekwisha, na tumeshalila kwa mkopo mwaka mzima kabla halijaota. Nikimtoa Benigna bandani nani anafunga? Mwalimu atanijibu hilo au atatuachia machozi yake?"

Hilo lilikuwa swali la kila aliyekaa mle ndani, na hata Fikiri hakuwa na mzaha wa kuweka juu yake.

Mama Benigna, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno kanisani nje ya sala, alisimama upande wa wanawake. Alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Mwanangu aliitwa, nikaitika mimi," alisema. "Alikuwa anatapika, mimi nikaitika." Akakaa.

Damas alivua miwani, akaifuta, akamgeukia Recheli. "Haya, mwalimu. Umeulizwa. Unataka nini kwa watu hawa?"

Alikuwa ameandaa mengi usiku uliotangulia: mbinu, ratiba, mambo ya mafunzo ya Urambo. Yote yalimtoka. Aliwatazama wale wazazi, mikono yao yenye weusi ule usiotoka hata kwa Jumapili, akasema:

"Naomba mniletee watoto asubuhi, niwafundishe nikiwa nawaona. Majani yenye umande wasiyashike kabisa. Nikitoka darasani mchana nitakuja mimi kufunga, leo kwa Nijimbere, kesho kwa mwingine, mpaka msimu uishe. Nifundisheni tu namna ya kufunga. Redio muiwashe jioni, watoto wakishanawa na kula. Naomba hilo tu."